Uzoefu wangu: nililipia ziara ya fukwe za Cape Town, nikaonyeshwa nusu

Nianze na ramani, maana ndiyo iliyonikera na ndiyo iliyonipa safari ya pili.

Asubuhi ya ziara, dereva wetu, ambaye ndiye pia mwongozaji, alimgawia kila abiria ramani ndogo iliyotiwa plastiki. Imechorwa kwa ustadi kweli. Clifton pana mwavuli, Camps Bay pana mitende, Boulders yupo pengwini, Muizenberg vimechorwa vile vibanda vya rangi rangi. Ukishapita Muizenberg bahari inaendelea kuwa ya bluu, lakini pale ambapo pwani ingeendelea pamewekwa nembo ya kampuni na namba ya simu. Nikadhani walikosa pa kuiweka, basi. Siku nne baadaye nilikuwa nimekaa kwenye mkeka, chini kabisa ya ile namba ya simu, mimi na maelfu ya watu.

Kwa wasio na muda wa kusoma yote: gari lilikuwa safi, kiyoyozi kinafanya kazi, dereva ana adabu na anajua kusimulia, na kila mahali tulifika kwa saa iliyoandikwa. Ukitaka picha nzuri, lipia. Ukitaka kujua watu wa Cape Town wanaoga wapi, hii ziara haikuhusu. Jina la kampuni silitaji, kwa sababu nimeulizia ziara nyingine tatu na ratiba zao zinafanana kama zimenakiliwa.

Tulianzia Sea Point, dakika ishirini tu za kutembea kando ya bahari, kisha Clifton. Clifton ni fukwe nne ndogo zilizotenganishwa na mawe makubwa ya matale, nazo hazina majina, zina namba: ya kwanza mpaka ya nne. Barabara iko juu, mchanga uko chini, na katikati ni ngazi. Ngazi haswa. Zinapita katikati ya nyumba ambazo dereva alituambia ni kati ya nyumba ghali kuliko zote Afrika Kusini, na ukitazama vioo vyake huna sababu ya kubisha. Nilianza kuzihesabu nikaacha, magoti yakaendelea kuhesabu yenyewe.

Chini, sikatai, ni pazuri. Mchanga mweupe, na hakuna upepo. Hili la upepo nilikuja kulielewa baadaye. Kiangazi Cape Town unavuma upepo wa kusi-mashariki, mkali, unaweza kukunyang'anya kofia na heshima kwa pamoja. Clifton imejificha nyuma ya mlima wa Lion's Head, kwa hiyo unapita juu kwa juu. Ila upepo huohuo unayasukuma maji ya juu kwenda mbali na pwani, na maji ya chini, ya baridi, yanapanda kuchukua nafasi. Ndiyo maana ufukwe wenye bei kuliko yote una maji ambayo huwezi kukaa ndani yake. Niliingia mpaka magotini, mifupa ikaanza kuuma, nikatoka. Na sikuwa peke yangu: kati ya watu mia moja waliokuwa pale, waliokuwa majini niliwahesabu kwa vidole. Clifton watu hawaji kuoga, wanakuja kulala.

Nikakodi mwavuli na kiti cha kulala, jumla randi 250, kutoka kwa kijana wa Kimalawi mwenye rundo lake karibu na mawe. Alienda kutafuta chenji, mimi nikabaki pale kwenye miavuli namsubiri. Akanijia bwana mmoja mtu mzima, mabega yameshaiva kwa jua, noti mbili mkononi, akauliza mwavuli ni bei gani kutwa nzima. Nilimtajia bei bila kukosea, maana nilikuwa nimetoka kuilipa. Akaomba wa bluu. Nikampa wa bluu. Kijana aliporudi nikamkabidhi hela ya yule mzee, nikachukua chenji yangu, nikaenda kujilaza kwenye kiti changu hatua tano tu kutoka kwa mteja wetu. Uso wake ulipogeuka akaniona, jamani, sikuwa na haja tena ya mwavuli, alikuwa mwekundu kwa wote wawili. Kijana alicheka mpaka akakaa chini. Nawe usidhani nilichukia sana. Nilichukia kidogo, usiku, hotelini.

Jambo jingine la Clifton ni kwamba hakuna aliyebeba kitu. Taulo, kitabu, miwani, imetosha. Wenye kukaa karibu wanashuka pekupeku na kupanda tena wakisikia njaa, na sisi wengine tunakodi kila kitu. Pombe ufukweni ni marufuku, bango limeandikwa wazi. Majirani zangu walikuwa wakimiminiana kitu cha rangi ya waridi kutoka kwenye chupa za chuma za maji, na wenye sare walipita mara mbili, wakawasalimia.

Dereva hakutuambia lililotokea hapohapo Desemba 2018, ingawa niliuliza. Wakati huo walinzi wa kampuni binafsi walituhumiwa kuwaondoa watu ufukweni jioni, na siku chache baadaye waandamanaji wakaja na kondoo, wakamchinja palepale mchangani kuusafisha ufukwe na ubaguzi. "Ilikuwa siasa," ndilo jibu nililopewa, kisha tukapanda gari.

Camps Bay ni hatua chache mbele. Ufukwe mrefu, mitende, milima ya Twelve Apostles nyuma, na ng'ambo ya barabara migahawa imepangana. Ratiba ilitoa saa moja na nusu ya chakula cha mchana, chakula chenyewe kwa gharama yako. Niliifungua menyu, nikaifunga taratibu kama mtu aliyekosea chumba cha hoteli. Nikavuka barabara, nikakaa kwenye ukuta mfupi na ndizi zangu mbili na biskuti, nikampigia dada yangu simu nimpe umbea wa mwavuli.

Nilipokata simu, nikasikia nyuma yangu: "Dada, weye ni wa Tanzania?"

Alikuwa mlinzi wa magari, kizibao cha njano kinachong'aa, kofia imeshushwa mpaka kwenye nyusi. Ametokea Uvira. Nikamuuliza amejuaje. "Nimesikia unasema jamani, jamani. Ni batu ba Tanzania njo banasemaka jamani."

Ukifika Cape Town zungumza Kiswahili kwa sauti kwenye maegesho ya magari. Walinzi wa magari wengi ni Wakongo, na nyuma ya kile kizibao kuna watu wa kila kiwango cha elimu. Hawana mshahara, wanaishi kwa sarafu anazotoa mwenye gari akiondoka. Huyu ndugu alinipa somo ambalo dereva wetu asingeweza kunipa. Kwa miaka aliyosimama pale anasoma watu kwa magari yao. Mwenye gari la kukodi anatoa noti, kwa sababu hajui bei. Mwenye gari bovu anatoa sarafu na kuomba radhi. Mwenye nyumba kule juu anasema nitakupa kesho, maana kesho atakuja tena, na keshokutwa pia. "Sikasirikake," akasema. "Yeye anajua atarudi. Mimi pia najua."

Nikamuuliza yeye anaoga wapi. Akanitazama kama nimemuuliza jambo la kitoto. "Hapa ni kazini, dada. Nani anaogaka kazini?" Siku yake ya mapumziko anawapeleka watoto Strandfontein. Maji ya Camps Bay, alisema, ni ya kuhifadhia samaki, si ya watoto. Nikamwonyesha ramani yangu, nikamwomba anionyeshe Strandfontein. Akaigeuza, akaitazama, akaweka kidole juu ya namba ya simu ya kampuni.

Kabla hatujaachana alinipa namba ya mwenzake anayeendesha teksi. Nilimpa randi 50 na ndizi moja. Ndizi ndiyo aliyoishukuru zaidi.

Mchana tulizunguka kwa barabara ya Chapman's Peak, ambayo ni nzuri kiasi kwamba hata mimi mwenye kinyongo nilinyamaza. Boulders, kwa pengwini, kuna kiingilio, na hapo nilifurahi kwa mara ya kwanza kuwa na pasi yangu mfukoni: kuna bei ya raia, bei ya watu wa nchi za SADC (jumuiya ya kusini mwa Afrika), na bei ya wageni wengine. Wenzangu wa garini kutoka Ulaya walilipa ya juu, mimi ya kati. Ukiwa Mtanzania, Mzambia, Mkongo, beba pasi yenyewe. Pengwini wenyewe hawabagui, wanamnyea yeyote.

Muizenberg tulipewa dakika ishirini na tano. Haitoshi. Huku tayari tumeshahamia ghuba ya False Bay, ambako maji yana joto, mawimbi ni marefu na ya upole, na watu wanajifunza kuteleza juu ya mawimbi kwa mbao tangu zamani. Agatha Christie, yule mwandishi Mwingereza wa hadithi za upelelezi, alijaribu hapa mwaka 1922. Juu ya mlima kuna watu kazi yao ni kuangalia papa tu kwa darubini. Bendera ya kijani maana yake wanaona vizuri na hawajaona papa; nyeupe yenye picha ya papa, pamoja na king'ora, maana yake toka majini sasa hivi. Hapa nilianza kuona mchanganyiko: watoto wa shule wa rangi zote kwenye mawimbi, bibi na wajukuu, wazungu wazee na mbwa wao.

Nikamwomba dereva atusogeze mbele kidogo tu, Strandfontein haifiki hata kilomita 10 kutoka pale. Akasema bima ya gari haifiki huko. Nikauliza, bima au ratiba? Akawasha gari. Bila shaka alikuwa na maelekezo yake, na kibarua ni kibarua. Lakini nilikuwa nimelipia "fukwe za Cape Town", na hakuna mahali pameandikwa "mpaka bima inapoishia".

Tarehe 1 Januari saa moja asubuhi yule Mkongo wa teksi alinifuata. Alicheka aliposikia ninakokwenda mwaka mpya, akasema tuwahi, baada ya saa nne barabara itafunga. Tulipita Baden Powell Drive, barabara inayokwenda sambamba na bahari. Upande mmoja maji, upande wa pili vichuguu vya mchanga, na mchanga wenyewe umeshavuka na kulala juu ya lami. Hakuna nyumba ya vioo hata moja. Na upepo ni uleule wa kusi-mashariki, ila huku hakuna mlima wa kuuzuia. Unatoka baharini moja kwa moja na kuingia kwenye sufuria yako.

Nasema sufuria kwa sababu Strandfontein watu wamekuja na nyumba nzima mgongoni. Saa mbili kasoro mahema yalikuwa yameshapangwa safu kwa safu. Kwenye lango vijana wenye sare walikuwa wanakagua mabegi na maboksi ya barafu kutafuta pombe, moja moja, mpaka chini kabisa. Zile chupa za chuma za Clifton zilinijia akilini. Mbele kidogo watu wa manispaa walikuwa wanawafunga watoto utepe mkononi wenye namba ya simu ya mzazi, mtoto akipotea apigiwe mwenyewe. Kwa siku kama ile, hilo ni wazo la akili kuliko yote niliyoyaona Cape Town.

Nilikuwa nimekuja na taulo moja, kama mtu wa Clifton. Dakika kumi nilikuwa sina pa kukaa. Mama mmoja, ambaye kila mtu alimwita Aunty, nami nikamwita hivyohivyo, akanitupia mkeka bila kuniuliza jina. Familia yao ilikuwa na mahema mawili, zulia, majiko mawili ya mkaa, sufuria ya wali wa manjano iliyofungwa kwa blanketi isipoe, sambusa kwenye ndoo, na babu kwenye kiti cha sebuleni. Kiti cha sebuleni kabisa, chenye mito. Vijana wanne walikuwa wamekibeba kutoka kwenye gari.

Nikamuuliza kwa nini wanabeba vyote hivyo. "Kwa sababu hapa hakuna wa kukuuzia," akasema, "na nyumbani ni mbali, ukienda kuchukua chumvi jua limezama." Alizaliwa District Six, karibu na katikati ya mji. Enzi za ubaguzi wa rangi mtaa huo ulitangazwa wa wazungu, mwaka 1966, watu zaidi ya 60,000 wakahamishwa, wengi wakapelekwa tambarare za Cape Flats, wao wakiwamo. Fukwe nazo ziligawanywa: sheria ya 1953 ya kutenganisha huduma ilifanya kila rangi iwe na mchanga wake, na Strandfontein ukawa wa machotara, ukajengewa banda kubwa na bwawa la maji ya bahari. "Tulipewa ufukwe huu," Aunty akasema, "kama mtoto anavyopewa chumba cha uani. Sasa nimeshakizoea, na chumba cha mbele kina baridi." Akanicheka alivyoniona naandika.

Fukwe hazikufunguliwa kwa hisani. Agosti 1989 watu walikwenda kuoga kwa makusudi kwenye fukwe za wazungu za Strand na Bloubergstrand, Askofu Mkuu Desmond Tutu akiwa kati yao, wakapokewa na polisi na mbwa. Sheria yenyewe ilifutwa mwaka 1990. Leo, kwa sheria ya pwani ya mwaka 2008, ufukwe ni mali ya umma na hakuna anayeweza kukuzuia. Lakini piga hesabu ya mama anayetoka Khayelitsha, mtaa mkubwa wa watu weusi hukohuko Cape Flats, kwenda Clifton: teksi (ndiyo daladala yao) mpaka mjini, kisha basi ambalo dereva hapokei fedha taslimu, unahitaji kadi, kisha zile ngazi. Ukiwa na sufuria mbili, hema, na watoto wanne, ngazi za Clifton si sheria, ila zinafanya kazi ileile.

Saa tano nikaenda Monwabisi, mbele zaidi, ufukwe wa Khayelitsha. Jina ni la Kixhosa, lina maana ya mwenye kufurahisha, na muziki ulikuwa unafurahisha kweli, amapiano kutoka kila gari. Bahari ndiyo haifurahishi. Kuna ukuta wa mawe ulioingizwa majini, na mkondo unaopita kando yake ni wa hatari. Waokoaji walikuwa wanapuliza filimbi bila kupumzika na watu wameambiwa waoge kati ya bendera tu. Nilifika kiunoni, nikahisi mchanga unaondolewa chini ya nyayo zangu kama mtu anavuta zulia, nikarudi. Foleni ya choo ilichukua dakika arobaini. Nilikuwa na saa.

Huku mimi ndiye nilikuwa tajiri. Kijana wa kama miaka kumi na minne alikaa karibu na mkoba wangu, akasema nikaoge, atauangalia. Kiingereza changu kilishaniuza. Nikamuuliza bei. Akasema, "Chochote, sista." Nikampa randi 20, nikaingia majini tena, na nikiwa mule ndani nikakumbuka watu wa magari ya kukodi wanaotoa noti kwa sababu hawajui bei.

Mchana upepo ulishika kasi, mahema yakaanza kuruka, nikampigia dereva wa teksi.

Kwa atakayekwenda: Clifton nenda asubuhi siku ya kazi, na usilipie ziara kwa ajili yake, basi la MyCiTi linakufikisha. Muizenberg nenda na treni ya Southern Line, stesheni iko mbele ya ufukwe. Strandfontein nenda na gari unayemjua dereva wake, mapema, kabla upepo haujaamka, ubebe maji, kivuli na kitu cha kumpa jirani. Monwabisi usizame zaidi ya magoti kama hujui bahari, na ukae karibu na waokoaji. Na kama ungependa kuoga kwenye bwawa safi bila makuu, Sea Point Pavilion ni la manispaa, kiingilio ni kidogo, na ndiko nilikoona mwenye nyumba ya juu na mfanyakazi wake wakigombea njia moja ya kuogelea. (Kuhusu usafi, watu wanaoziogopa fukwe za False Bay kwa majitaka wasisahau kwamba Camps Bay nayo ina bomba lake linalomwaga majitaka baharini baada ya kuchujwa tu.)

Kampuni ilinitumia ujumbe ikiomba nyota tano. Nilitoa tatu: mbili za dereva na moja ya kiyoyozi. Wakauliza kwa upole kilichopungua. Nikawatumia picha ya ramani yao, nimechora duara kwenye namba ya simu, nikaandika: hapa kuna watu. Wakajibu kwamba ramani inaonyesha fukwe kuu tu, na kwamba toleo jipya litakuwa na nembo kubwa zaidi.